Tone Jekundu Chini ya Ndege

Makala nyingi za fildi zinazotoka humu zinaeleza mtu alijifunza nini. Hii yangu ni ya kitu nilichokiona nikanyamaza. Nimekaa nayo zaidi ya mwaka. Kila jarida likitoka nasema toleo lijalo, toleo lijalo. Basi leo naiandika.

Kwetu ni Nyakato, Mwanza. Ukitoka mjini kwa barabara ya Musoma, ukishapita Buzuruga, anza kuangalia upande wa gereji. Mjomba wangu ana gereji ya wazi pale: mwembe mmoja, kontena moja la kufungia spana, na Fuso mbili ambazo wenye nazo walishazisahau. Nimekulia chini ya magari yale. Nilipochaguliwa kusoma uhandisi mitambo, mjomba alicheka sana, akasema serikali inanikopesha hela nikasomee kitu ambacho yeye ananifundisha bure.

Fildi ya mwaka wa pili, Julai 2024, nikapata nafasi kwenye karakana ya ndege ndogo. Jina la karakana halina kazi hapa. Mama hakupenda. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa, ukitaja ndege tangu Novemba 6, 2022, kila mtu anaona picha moja: ile ATR iliyoingia ziwani Bukoba, mkia juu, watu 19 wakafa kati ya 43 waliokuwemo. Mama akaniuliza, "Hakuna fildi kwenye viwanda vya samaki? Wenzako si wanaenda huko?" Nikamwambia mama, mimi siruki, mimi nitakuwa chini na spana. Akasema hata waliozitengeneza zile walikuwa chini na spana.

Mimi ndege iliyokuwa kichwani mwangu ilikuwa nyingine. Machi 1, 2010, Boeing 737 ya Air Tanzania ilitua Mwanza ikatoka nje ya njia yake, mguu wa mbele ukavunjika. Hakuna aliyekufa. Nilikuwa mdogo, shule ya msingi, na mjomba alinipakia kwenye pikipiki tukaenda kuchungulia uzioni kama watu wengine. Ndege imeinamisha pua chini kama ng'ombe anayekunywa maji. Mjomba akaniambia, "Unaona? Dunia nzima ni mambo ya shokapu." Nadhani uhandisi wangu ulianzia hapo uzioni.

Sasa karakana. Fundi mkuu alikuwa mtu mzima wa karibu miaka sitini, miwani imefungwa kwa kamba ya kiatu, nitamwita Mzee tu. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kufuta, kushika tochi, kuandika namba za vipuri. Asubuhi daladala mbili, jioni daladala mbili, na bumu la fildi lilikuwa halijaingia, kwa hiyo mchana nilikuwa nakula mihogo. Sikulalamika. Kila siku nilikuwa naona kitu.

Ndege nyingi ndogo zinazozunguka ziwa letu, zile Cessna 206 na Caravan, miguu yake haikunjwi. Imekaza pale pale, ipo juu ipo chini. Matatizo yake ni ya kawaida tu ya viwanja vya changarawe: tairi limepasuka, breki zimekwisha, mguu wa mbele umepinda kwa sababu rubani alitanguliza pua. Lakini palikuwa na Cessna 210 moja, mali ya mfanyabiashara mmoja anayeirusha mwenyewe. Ile inakunja. Mara ya kwanza nilipoiona ikipaa nilisahau kwamba nimeshika ufagio. Miguu ya nyuma inaning'inia kwanza, inajipinda, halafu inalala kuelekea mkiani, kama yangeyange anaporuka kutoka kwenye majaruba ya mpunga.

Mzee alinieleza inavyofanya kazi huku akinichorea kwenye vumbi la meza. Pampu ya umeme inasukuma mafuta ya haidroliki, mekundu kama sharubati ya rozela. Presha ikifika inapotakiwa, pampu inazima yenyewe, na miguu ikijifunga sawasawa taa ya kijani inawaka kwenye dashibodi. Umeme ukigoma, kuna mpini katikati ya viti viwili vya mbele, rubani anapampu kwa mkono mpaka miguu ijifunge. Na kwa sababu mabawa yako juu, anaweza kuchungulia dirishani akaliona tairi kwa macho yake. Nikasema basi hii haiwezi kumwangusha mtu. Mzee akanitazama juu ya miwani. Akaniuliza, pampu ya umeme inatumia mafuta gani? Haya mekundu. Na mpini? Haya haya. Yanapita wapi? Kwenye paipu zile zile. Akarudi kwenye kazi yake. Yaani ukishapoteza mafuta, njia zote mbili zinasukuma hewa.

Mzee alikuwa anapenda hadithi za miguu ya ndege kuliko za injini. Alisema kwa ndege hizi ndogo kinacholaza ndege tumbo mara nyingi si chuma kuvunjika, ni mtu kusahau. Rubani yuko kwenye mzunguko wa kutua, anaongeleshwa redioni apishe ndege nyingine, anazunguka, anarudi, kichwani mwake miguu alishaiteremsha. Honi inalia ndani ya chumba na yeye haisikii, kwa sababu akili yake imeshatua. Ndiyo maana marubani wana orodha ya kuitamka kwa mdomo kabla ya kutua, kama mtoto anayesoma tarakimu, hata awe ameruka miaka thelathini.

Hadithi yake kubwa ilikuwa ya balbu. Desemba 29, 1972, Lockheed TriStar ya shirika la Eastern la Marekani ilikuwa inakaribia Miami usiku. Taa ya mguu wa mbele haikuwaka. Wakapanda juu kidogo ili waichunguze, na wote chumbani wakaanza kuhangaika na ile taa. Hakuna aliyegundua kwamba ndege imeanza kushuka polepole. Ikaingia kwenye vinamasi vya Everglades, wakafa watu 101. Mguu wa mbele ulikuwa umefunguka vizuri kabisa. Balbu ndiyo ilikuwa imeungua. Mzee kila akimaliza hadithi hiyo alikuwa ananituma nikabadilishe balbu ya chooni.

Nafika sasa kwenye tone.

Ilikuwa Alhamisi jioni, mwishoni mwa Agosti. Nafagia chini ya ile 210, nikaona tone jekundu sakafuni, ukubwa wa sarafu ya shilingi hamsini. Nikaangalia juu. Tumbo la ndege lilikuwa na mstari mwembamba wa unyevu, wa kuonekana ukiinama tu. Nikalifuta tone kwa tambara. Ijumaa asubuhi, tone jingine, dogo zaidi. Nikalifuta nalo, tena haraka kuliko la kwanza. Saa nne mwenye ndege akaja, akaizunguka, akaruka zake.

Kwa nini sikusema? Wiki ya tatu ya fildi nilimkimbilia Mzee mbele ya watu nikipiga kelele kwamba tangi la ndege moja linavuja. Kumbe rubani alikuwa ametoka kuchuja mafuta kidogo kuangalia kama yameingia maji, wanafanya hivyo kabla ya kuruka, akayamwaga chini. Walicheka mpaka mlinzi wa getini akaja kuuliza. Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Injinia Tangi. Hata mama ntilie alijua. Basi nilipoona lile tone, kabla sijawaza mafuta, niliwaza jina. Nikajiambia ndege zote zinachuruzika kidogo, Mzee lazima ameliona, mimi ni nani. Hayo mambo matatu niliyasema kichwani kwa muda mfupi kuliko niliotumia kuyaandika hapa.

Jumapili niko gereji kwa mjomba namsaidia kushusha giaboksi ya Hiace, simu ikaita. Mwenzangu wa fildi. "Oya Tangi, ile 210 imelala tumbo." Nikauliza watu je. "Wazima." Nikakaa juu ya tairi. Mjomba akaniita mara mbili nije nishike upande wangu.

Kilichotokea nilikuja kukisikia baadaye kutoka kwa mwenye ndege. Alikuwa anatua kwenye kiwanja cha changarawe ng'ambo ya Busisi, na pembeni yake amekaa binti yake wa darasa la sita. Akashusha kiwiko cha miguu. Pampu ikaanza kulia kama kawaida, lakini haikunyamaza. Taa ya kijani haikuwaka. Akachungulia dirishani, tairi la upande wake limening'inia nusu, linayumba na upepo. Akakata tamaa ya umeme akashika mpini. Alisema mpini ulikuwa mwepesi, hauna ubishi, unakwenda mbele na nyuma kama wa pampu ya baiskeli iliyokatika mpira. Mjomba nilipomwambia sehemu hiyo alielewa papo hapo: pedali ya breki inayozama mpaka sakafuni.

Alizunguka karibu saa nzima kupunguza mafuta ya injini. Alimwambia binti avue miwani, aweke sweta mbele ya uso, afungue mlango kidogo kabla hawajagusa chini ili usije ukajibana. Alipokuwa na uhakika kwamba changarawe anaifikia, akazima injini. Ndege ikagusa, miguu ikarudi nyuma yenyewe, tumbo likaburuta. Alisema kelele yake ni kama mabati ya nyumba nzima yanavutwa barabarani. Wakatoka wakakimbia. Binti alikuwa amechubuka goti kwa sababu ya kukimbia, si kwa sababu ya ndege.

Naomba nisieleweke vibaya, ajali za namna hii mara nyingi huisha hivyo. Oktoba 2019 kule Kenya, Dash 8 ilidondosha gurudumu zima ilipokuwa inapaa kutoka Lodwar, ikaenda kutua Eldoret, watu wakashuka. Chuma kinaumia, mwenye bima anaumia, watu wanarudi nyumbani. Usiku ule Nyakato nilisoma habari kama hizo kwenye simu mpaka bando likaisha, nikitafuta inayofanana na yangu, inayoishia vizuri. Zilikuwa nyingi. Hazikunisaidia kulala, maana katika kila moja nilikuwa natafuta mtu aliyekuwa na ufagio.

Jumatano ndege ikarudi kwa lori. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado linajengwa, lilikuja kufunguliwa Juni 19, 2025, kwa hiyo ilivuka kwa kivuko, katikati ya magari ya ndizi na mabasi ya Geita. Dereva alikwepa foleni za mjini, akapitia Usagara hadi Kisesa, akatokea na barabara ya Musoma ili apinde Nyakato kuelekea Buswelu. Nilikuwa nimeomba ruhusa siku hiyo, nikasema naumwa. Nikiwa gereji nikaiona inakuja. Mabawa yamefunguliwa yamelazwa pembeni na kufungwa na magodoro, mwili juu ya matairi ya zamani, propela imekunjika ncha zote kama jani la mgomba lililopigwa jua. Watoto wanakimbia nyuma ya lori wakiimba. Bodaboda wamesimama wanapiga picha. Mtu mmoja akasema imeangushwa, mwingine akasema imenunuliwa inapelekwa kufanywa baa.

Mjomba akaifuata kwa macho mpaka ilipopinda. Halafu akaniangalia mimi.

"We mjomba, ile si ndiyo yenu?"

"Ndiyo."

"Na hauumwi."

Nikamwambia yote. Tone la kwanza, tone la pili, Injinia Tangi, kila kitu. Alikuwa anapangusa mikono kwa dizeli, akaendelea kupangusa hata ilipokuwa imeshatakata. Nilitegemea anitukane, mjomba ana mdomo. Badala yake akaniambia habari ya Hiace moja ya abiria, zamani, mimi niko sekondari. Aliirudishia mwenyewe jioni huku pedali yake haijamridhisha. Mwenyewe ana haraka, kesho ana abiria wa msiba wa kwenda Magu. Akamwambia iko sawa.

"Ikawaje?"

"Haikuwa kitu. Walienda wakarudi." Akatundika tambara kwenye msumari. "Iko mpaka leo. Ikipita hapa huwa naiangalia tairi, siangalii waliomo."

Alhamisi niliwahi kabla ya wote. Mzee alikuwa ameshafika, yuko chini ya tumbo la ile ndege na tochi mdomoni. Nikamwamkia, akaitikia. Nikasema Mzee, nina neno. Nikalisema nikiwa nimesimama, nikitazama miguu yake iliyotokeza, maana ilikuwa rahisi kuliko kutazama uso.

Akatoka taratibu. Maswali yake hayakuwa niliyojiandaa nayo. Saa ngapi? Ukubwa gani? Chini ya sehemu gani, nyuma ya mlango au mbele yake? Ulifuta kwa kitu gani? Kile kitambaa kiko wapi? Nikaenda kukitoa kwenye ndoo ya matambara. Kilikuwa na madoa ya kila rangi, hakuna mtu angeweza kuapa lipi ni lipi, lakini alikichukua akakiweka kwenye mfuko wa nailoni, akaandika tarehe juu yake.

Halafu akakaa kwenye kiti chake kibovu, akavua miwani.

"Jumatatu ile niliiongeza mafuta ya haidroliki," akasema. "Kidogo tu, nusu kikombe. Sikuandika."

Sikuelewa mara moja. Ikabidi anieleze kama alivyozoea kunieleza, kwa maswali. Mfumo uliofungwa unapungua mafuta kwa nini? Kwa sababu kuna mahali yanatoka. Yeye alikuwa amekusudia kutafuta mahali hapo kesho yake, ikaingia kazi ya ndege nyingine ya haraka, kesho ikawa keshokutwa. Angeandika kitabuni, mwingine angeuliza. Mimi ningesema, yeye angekumbuka. Kulikuwa na nusu kikombe upande wake na matone mawili upande wangu.

Tukaandika maelezo mawili, lake na langu, kila mtu kwa mkono wake. Nilimuuliza kama nitafukuzwa fildi. Akaniambia Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, ule wa 1944 unaoongoza usafiri wa anga duniani, kinasema lengo la pekee la kuchunguza ajali ni kuzuia nyingine, si kugawa lawama. Alikisema kwa moyo, kama aya. Halafu akaongeza kwa sauti ya chini kwamba karatasi inasema hivyo, mwenye karakana ni mtu. Sikufukuzwa. Yeye alihamishiwa stoo ya vipuri kwa miezi miwili. Sidhani kama ilikuwa haki, na sijawahi kumuuliza kama anajutia kuandika lake. Angeweza kuniacha na langu peke yangu.

Tundu lilipatikana wiki iliyofuata. Paipu jembamba, katika sehemu ya kona, lilikuwa linasuguana na ukingo wa bati mpaka likawa laini kama karatasi. Limepasuka kwa urefu wa ukucha. Je, matone yangu yalitoka hapo? Mafuta yakishavuja hutambaa ndani ya tumbo la ndege na kudondokea popote panapoyafaa, kwa hiyo inawezekana ndiyo, inawezekana palikuwa na kuvuja kwingine kudogo kusikohusika. Mafundi wawili walibishana juu ya hilo mbele yangu na hawakukubaliana. Nilitamani mmoja ashinde, na aibu yangu ni kwamba nilijua ni yupi.

Ripoti yangu ya fildi, ile niliyoileta chuoni, haina habari hii. Ina michoro mizuri ya pampu na nilipata B+. Msimamizi aliandika pembeni kwamba nimeonyesha uelewa wa mfumo.

Siku mbili kabla sijamaliza, mwenye ndege alikuja kuchukua vitu vyake vilivyobaki ndani: kitabu cha ramani, viatu vya binti, chupa ya chai. Bima ilikuwa imeshamwambia gharama ya kufungua injini nzima kwa sababu ya ile propela inazidi thamani ya ndege. Nilikuwa peke yangu karakanani. Nikamwamkia, nikambebea boksi mpaka kwenye gari, na pale kwenye gari nikamwambia mimi ndiye niliyelifuta lile tone. Alikuwa ameshasoma, alisema, ila hakujua kwamba ni mimi. Aliweka boksi kwenye kiti cha nyuma, akafunga mlango, akaufungua tena, akaufunga vizuri.

"Lilikuwa upande gani?" akaniuliza.

"Kulia, baba. Nyuma kidogo ya mlango."

"Upande aliokaa mtoto."

"Ndiyo, baba."

Akarudi ndani ya karakana. Nilimwona anapiga magoti kwenye sakafu na suruali yake ya kitambaa, anainama chini ya tumbo la ndege, upande ule, anatazama.